Vifuko Vilivyobaki Kabatini

Wiki tatu baada ya kuacha kazi, bado naamka alfajiri na kutafuta viatu vyangu vya mpira. Mume wangu ananiuliza ninakwenda wapi. Nawasha moto na kuteleka chai. Wauguzi vijana wa kituo cha afya cha Nyamitaba waliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu, hasa ile niliyozunguka vijijini na madaktari waliokuja kujitolea. Nimekubali. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianzia kituo cha Kingi, karibu na mji wa Masisi-centre, nikiwa na diploma mpya na koti jeupe la wauguzi, lile tunaloliita blauzi, nililolipiga pasi mara mbili. Muuguzi mkuu alikuwa Papa Léonard, mtu mwembamba aliyefunga mkono mmoja wa miwani yake kwa uzi. Siku yangu ya kwanza hakuniacha niguse mgonjwa yeyote. Alinipa kikapu, akanituma sokoni ninunue chumvi.

"Kaa pale kwa bauzaji ba viazi," akaniambia. "Sikiliza bantu banasema nini juu ya kituo yetu. Usijibu kitu."

Nilirudi na chumvi na habari mbili. Watu walisema mikono ya Papa Léonard ni baridi kama ya maiti, na kwamba sindano ya asubuhi ina nguvu kuliko ya mchana, kwa sababu mchana dawa imekwisha chujuka. Nilidhani atacheka. Aliyaandika yote kwenye daftari. Kesho yake alianza kuota mikono kwenye jiko kabla ya kumgusa mtu, na sindano zote akawa anazipiga kabla ya saa sita. Nilimwuliza kwa nini anakubali mambo ya uongo. Akasema hana nafasi ya kubishana na soko zima, na wagonjwa wanakuja.

Ndiye aliyenifundisha kufundisha. Tulikuwa na albamu ya picha iliyotoka mbali, na katika ukurasa wa maji safi kulikuwa na sufuria juu ya jiko la gesi. Kina mama waliitazama kwa makini, kisha mmoja akauliza kuni zinaingizwa wapi. Papa Léonard alitoa kalamu akachora mafiga matatu juu ya lile jiko. Pia alinionya nisifunge kitabu haraka somo likiisha. "Bantu banaulizaka bakishasimama," alisema. "Wakati banakaa, banakuogopa." Neno hilo nililisikia vizuri. Mtaona baadaye nililitumiaje.

Papa Léonard alipofariki nilikuwa nimehamishiwa Nyamitaba, kule kwenye ng'ombe na maharagi, na mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa kabati la dawa. Nasema kuhusu ufunguo kwa sababu niliupenda. Muuguzi mwenye kabati lililojaa na linalofungwa anajiona mtu. Kila kidonge kilichotoka nilikiandika, na wakaguzi waliponitembelea walisifu daftari langu. Niliamini hiyo ndiyo kazi.

Kisha wakaanza kuja ma-asistenti. Hilo ndilo jina tunalowapa madaktari waliokwisha maliza chuo na sasa wako hospitali kubwa ya mjini wakijifunza utaalamu wao. Hawa walikuwa wanatumia siku zao za konje, yaani likizo, kupanda huku milimani, kupima watu na kufundisha bila malipo. Sikuwaamini sana. Niliwahi kuona wengi wanaokuja, wanapiga picha na watoto, wanashuka.

Wa kwanza aliyerudi mara ya pili alikuwa Dokta Kavira. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori, mfupi, mwenye sauti ndogo, na alikuwa anasomea magonjwa ya kichwa na mishipa ya fahamu. Safari yake ya kwanza alileta jenereta, mashine ya kuonyesha picha ukutani na shuka jeupe. Alilitundika shuka kanisani, yakatokea maandishi makubwa ya Kifaransa kuhusu ugonjwa wa kifafa. Watu walijaa. Alisema kwa dakika arobaini. Jenereta lilipozimika, bibi mmoja wa mbele akauliza kwa heshima kama filamu itaanza sasa.

Jioni ile Dokta Kavira alikaa kwenye ngazi ya kituo akikwangua matope kwenye viatu vyake.

"Mama Sifa, nimeharibu," akasema.

"Haukuharibu. Bamelala vizuri," nikamjibu.

Alicheka, na tangu siku hiyo tukaelewana. Mara ya pili alikuja na begi la mgongoni tu.

Mara hiyo ya pili ilikuwa siku ya soko. Kwenye baraza la duka la mfanyabiashara mmoja alikaa fundi wa nguo aliyeitwa Zawadi, mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano. Alikuwa na kovu la moto kuanzia kiwiko cha kushoto hadi vidole viwili vilivyoshikamana, kwa sababu aliwahi kuanguka kifafa jikoni, juu ya moto, na hakuna aliyethubutu kumvuta. Kwetu watu waliamini kwamba povu la mtu wa kifafa likikugusa, nawe unaupata ugonjwa. Mume wake alimrudisha kwao. Mama yake alimpenda, lakini sahani ya Zawadi ilikuwa na alama ya msumari chini, ili isichanganywe na nyingine.

Tulikuwa tunapita nilipogundua kwamba cherehani imenyamaza. Zawadi alikuwa chini, amekakamaa, kisha mwili ukaanza kutikisika. Baraza lilibaki tupu mara moja. Mwenye duka alivuta magunia yake ndani. Na mimi, muuguzi wa miaka mingi, niliyejua kitabu kinasema nini, nilirudi hatua moja nyuma povu lilipotokea mdomoni mwake.

Dokta Kavira aliona. Hakunikaripia. Alipiga magoti, akaondoa mkasi uliokuwa karibu na uso wa Zawadi, akamwekea kitenge chake chini ya kichwa. Kisha akavua saa na kuninyooshea.

"Mama, hesabu dakika. Unambie ikifika tano."

Kwa hiyo nilikaribia, kwa sababu nilikuwa na kazi. Mtu mmoja alileta kijiko cha kumtia kati ya meno, Dokta Kavira akakataa kwa kichwa. Hakumshikilia mikono wala miguu. Mtikisiko ulipopungua alimlaza ubavu, akamfuta povu kwa ncha ya kitenge kilekile, polepole, kama anavyofutwa mtoto aliyekula uji. Dakika mbili na nusu. Zawadi alipofungua macho aliona watu wamesimama mbali na sketi yake imelowa. Dokta Kavira alikuwa amekwisha vua blauzi yake nyeupe ya udaktari na kumfunika nayo.

"Dada, uko Nyamitaba, ni siku ya soko," alimwambia. "Ulianguka, sasa inaisha. Hatuna haraka."

Alikaa naye sakafuni karibu saa nzima. Mama yake Zawadi alipoleta bugali na sombe ya majani ya muhogo, akataka kumtafutia daktari sahani ya wageni. Dokta Kavira akasema ile iliyopo inatosha, akanawa na kula pamoja na Zawadi katika sahani yenye msumari. Soko lote lilitazama. Nami nikanawa, nikakaa, nikala. Sombe ilikuwa imepoa na ina chumvi nyingi.

Wiki iliyofuata walinifikia watu saba wenye kifafa ambao sikujua hata kwamba wapo. Mmoja alikuwa ameishi nyuma ya kituo, nyumba ya tatu.

Tukaanzisha kikundi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi walikuja kuchukua vidonge vyao, tukazungumza. Dokta Kavira au mwenzake alipanda kila alipopata konje. Miezi mingine nilikuwa peke yangu. Dawa yenyewe ni ya zamani, kidonge kidogo cheupe kisicho na sifa yoyote, lakini lazima kinywewe kila siku. Zawadi alikaa miezi mitano bila kuanguka. Papa Bahati, mtengenezaji wa fromaje, yaani jibini, mwenye ng'ombe wanne, ndiye aliyekuwa anatuchekesha. Alisema ng'ombe wake mmoja hujua kabla yake kwamba ataanguka, humwangalia kwa huruma, na kwamba angempa huyo ng'ombe diploma yangu kama ningekubali. Mke wake, Mama Noella, alikuwa anamsindikiza kila Jumatano na kumwambia anyamaze.

Jumatano moja somo lilikuwa limekwisha, watu wamesimama, nami nafunga daftari. Zawadi akauliza:

"Mama Sifa, na siku tutakimbia? Dawa itabakia mu kabati, siye tutakuwa mu pori."

"Dada Zawadi, tusiite vita," nikamjibu. "Tutaonana mwezi ujao."

Wakatoka. Dokta Kavira alikuwa pembeni, na nilimwona akiandika kitu.

Alirudi baada ya mwezi akiwa na jibu. Alisema kuacha dawa hii ghafla ni hatari kuliko kutoinywa kabisa, kwa sababu kifafa kinarudi kwa nguvu na kinaweza kukataa kuisha. Kila mgonjwa anatakiwa awe na akiba ya wiki tatu nyumbani, mahali pa kuchomoa akiwa mbioni, na ajue kuipunguza: kidonge kizima, halafu nusu, halafu robo, ili mwili uzoee. Alikuwa ameomba vidonge vya ziada kwa wenzake wa hospitali. Alimpa Zawadi vipande vya kitenge, na Zawadi akashona vifuko vyenye plastiki ndani na kamba ya kuvaa shingoni. Kila kifuko kilikuwa na jina. Walipokuwa wanashona, Dokta Kavira alimweleza Zawadi yote kuhusu nusu na robo. Wengine tungewaeleza siku ya kugawa.

Mimi nilikataa kugawa. Kanuni ilisema dawa ya mwezi mmoja, si zaidi. Nilisema watoto watavila. Nilisema mtu akiwa na huzuni atavimeza vyote. Hofu hizo zilikuwa na ukweli ndani yake, na Dokta Kavira alizijibu moja baada ya nyingine kwa upole, lakini kilichonishika zaidi ni daftari langu. Sikujua ningeviandika wapi vidonge vilivyotoka bila kuliwa. Nikasema tungoje ruhusa kutoka juu.

"Kituo ni yako, Mama," akasema. "Minakuachia. Lakini usikawie."

Nilivipanga vifuko kabatini, rafu ya pili. Niliandika barua ya kuomba ruhusa. Jibu halikuja, na mimi sikufuatilia. Wiki saba zilipita namna hiyo. Jumatano moja iliangukia katikati yake, na niligawa dawa ya mwezi kama kawaida huku vifuko vikiniangalia.

Milio ya risasi ilianza siku ya Jumanne, kama saa nne asubuhi, watu wakiwa shambani. Jumatano ya kugawa dawa ilikuwa kesho yake, kwa hiyo kila mmoja wa wagonjwa wangu alikuwa amebakiwa na vidonge vya mwisho mwisho. Sikulifikiria hilo. Niliokoa madaftari ya chanjo, nikamtoa mama mmoja aliyejifungua usiku uliopita, nikafunga kabati vizuri kama nilivyofundishwa, nikauchomeka ufunguo katika pindo la kitenge. Tulishuka na umati, magodoro juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, mbuzi, masufuria. Mimi nilifika Bweremana kwa dada yangu, kando ya ziwa.

Siku ya tatu nilikuwa nabadilisha kitenge ili nikioshe. Ufunguo ukaanguka sakafuni. Dada yangu aliuokota akauliza ni wa mlango gani. Nilikaa kitandani, nikamwambia ni wa kabati lenye vifuko vya watu wangu.

Dokta Kavira alinipigia simu siku hiyohiyo.

"Mama Sifa, uko muzima? Na bagonjwa betu, bako wapi?"

Hakuuliza kuhusu vifuko. Nilimwambia mwenyewe. Nikasikia gari likipita upande wake.

"Sawa," akasema. "Tuanze kubatafuta."

Tuliwatafuta kwa simu, kwa wachuuzi wa samaki, kwa madereva wa pikipiki, kwa makatekista wa kanisa. Wengi walikuwa wameshuka kama mimi, na wenzake Dokta Kavira waliwakuta kambini na kuwapa dawa. Wawili walianguka vibaya, wakapona. Waliobaki ni Zawadi na Papa Bahati. Mwuza mawese mmoja akatuambia kwamba watu wa upande wao walikimbilia magharibi, wakavuka hadi misitu ya Walikale. Njia ilikuwa imefungwa. Tulingoja karibu wiki tatu.

Ilipofunguka, Dokta Kavira alichukua konje aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Tulipanda pikipiki hadi Masisi-centre, tukaendelea hadi Nyabiondo, na kutoka pale ikawa zamu ya miguu. Tulitembea siku mbili. Umri wangu ulikuwa unanidai kila kilima, na yeye alikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili, basi tulikwenda mwendo mmoja. Kwenye mto mmoja daraja lilikuwa magogo mawili, na mchukuzi tuliyemkodi Nyabiondo alivusha sanduku la dawa kichwani huku sisi tukitambaa.

Tulipokaa ng'ambo kupumzika nilisema nilichokuwa nacho moyoni. Nikamwambia kwamba kama tutakuta mtu amekufa, nimemuua mimi na daftari langu.

Dokta Kavira hakunifariji. Alifunga kitambaa kwenye kisigino, akasema, "Mimi pia nilikuachia, nikashuka. Ningeweza kugawa mimi mwenyewe siku ile. Nilikuheshimu, na niliogopa kukuudhi." Kisha akasimama. "Twende, Mama. Mvua inakuja."

Zawadi tulimkuta katika kijiji kidogo cha barabarani, familia za wakimbizi zimepangwa katika nyumba za wenyeji. Alikuwa anashona suruali ya mtu kwa mkono, amekonda. Alituona, akachoma sindano katika kitambaa ili isipotee, ndipo akasimama.

Alitueleza jinsi alivyofanya. Alikimbia akiwa na vidonge sita. Alikumbuka maneno ya siku ya kushona vifuko. Alitafuta wembe, akavikata juu ya sahani, nusu kwa siku kadhaa, halafu robo, mpaka unga wa mwisho aliulamba. Alianguka mara moja tu, na mama yake alimlaza ubavu na kuhesabu kwa sauti kwa sababu hawakuwa na saa.

"Na Papa Bahati?" nikauliza.

Aliangalia chini. Papa Bahati alikuwa kijiji kingine, mwendo wa saa moja. Zawadi alichelewa kujua yuko wapi. Alipojua, alimtumia robo nane katika karatasi, kwa mkono wa mtu anayekwenda huko. Mtu huyo alifika watu wakirudi kutoka makaburini. Papa Bahati alikuwa ameanguka tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili, mtikisiko mmoja haujaisha mwingine unaingia.

Tulikwenda kesho yake. Mama Noella alikuwa amekaa nje anamenya mihogo, binti yake wa miaka minane kando yake.

"Mama Sifa, karibu," akasema. "Dokta, karibu. Mumetoka mbali."

Alitupa gogo la kukalia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayasahau. Nikamweleza tu kwamba Papa Bahati alikuwa na dawa ya wiki tatu imewekwa ndani ya kifuko, na kwamba kifuko kilikuwa kabatini kwangu, na kwamba nilikuwa nangoja karatasi.

Aliendelea kumenya.

"Jina yake ilikuwa juu?"

"Ilikuwa juu."

"Bahati peke yake, ao na jina ya baba yake?"

"Yote mbili."

Akaitikia kwa kichwa, kama vile hilo lilihitaji kujulikana kwanza. Muhogo ulipokwisha akauweka kwenye beseni la maji, akachukua mwingine, asiumenye.

"Siku ile, kabla aanguke, aliniambia tukifika pahali kuko kituo, niseme siye ni bantu ba Mama Sifa, batatupa dawa. Aliamini ile sana." Aliugeuza muhogo mkononi. "Minasikia yenye umesema. Siwezi kukuambia haina neno. Iko na neno. Lakini umekuja kunambia kwa mudomo yako."

Dokta Kavira alikuwa analia bila sauti, na hakujificha.

Mama Noella aliweka kisu chini. "Hapa kuko bengine banaangukaka," akasema. "Batatu. Bengine ni benyeji. Banabafungia ndani. Mukirudi na hii sanduku, batakufa nabo."

Alifuta mikono, akasimama, akatuongoza nyumba kwa nyumba. Mchana tulikaa katika kanisa la mbao, wakimbizi upande mmoja na wenyeji upande mwingine. Dokta Kavira alipima wagonjwa. Mimi nilikuwa nifundishe, lakini nilimwomba Zawadi anitangulie, naye alikubali. Alionyesha kovu lake, akaeleza lilivyotokea, akaomba sahani na wembe. Alikata kidonge mbele yao, nusu, kisha robo, akawaita mmoja mmoja waje wakate wenyewe. Alipomaliza hatukufunga kitabu. Tulisimama nao mpaka maswali yakaisha, na yalichukua muda mrefu kuliko somo.

Tuliporudi Nyamitaba baada ya miezi, kabati lilikuwa limevunjwa na rafu zote tupu. Niliandika barua nyingine kwa wakubwa wangu, safari hii si ya kuomba. Niliwaarifu kwamba kila mgonjwa wa kifafa katika kituo changu anaondoka na akiba siku ileile ya kwanza, amefundishwa kuipunguza, na kwamba nimefungua ukurasa mpya katika daftari, unaitwa "iko kwa mwenyewe". Walijibu baada ya muda mrefu. Walikubali, na wakaniomba niwatumie nakala ya ukurasa huo. Papa Bahati nilimwandika humo pia, mstari wa kwanza, ili mtu akiuliza kwa nini ukurasa upo nimwonyeshe.

Dokta Kavira alimaliza utaalamu wake, anafanya kazi mjini, na bado hupanda. Ma-asistenti wengine walikuja baada yake, wengine wazuri, wengine wa kupiga picha. Nilikuwa nawapeleka kwanza barazani kwa Zawadi wakae nusu siku wamsikilize, kabla hawajafungua begi. Mmoja alilalamika kwamba hakuja kujifunza kushona. Alirudi mwaka uliofuata, akaomba akae pale siku nzima.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilikuwa naandaa makabidhiano na kijana atakayenifuata. Mlango ulifunguka, akaingia Mama Noella. Tangu Walikale sikuwa nimemwona. Alikuwa amerudi kwenye mashamba yao, lakini upande wa mbali, ambako kuna kituo kingine cha afya karibu zaidi. Nyuma yake alikuja binti yake, amekuwa mrefu, ana jeraha jipya kwenye kidevu.

"Ameanza," akasema. "Anaanguka, mwezi ya nne hii. Sawa na baba yake."

Nilimwuliza kwa nini hakumpeleka kituo kile cha karibu. Akasema alitaka kuja huku.

Nilimpima mtoto, nikaandika, nikampigia Dokta Kavira simu kuhusu kipimo cha dawa. Niliweka vidonge vya mwezi katika bahasha. Kisha nikatoa kifuko, nikaandika jina, la kwake na la baba yake, nikamimina akiba mezani na kuhesabu mbele yao kwa sauti, viwili viwili, hadi mwisho. Nikavitia ndani.

Mama Noella alinyoosha mkono, akachukua kifuko, akakimimina tena juu ya meza. Akahesabu mwenyewe, kimoja kimoja, akivisogeza kwa kidole. Yule kijana alitaka kusema kitu, nikamgusa mkono. Nje watu walikuwa wanangoja kwenye benchi, na tulimwacha ahesabu mpaka alipomaliza.

"Biko sawa," akasema, akamvika binti yake kifuko shingoni.